Philly Lutaaya, mwimbaji aliyeonyesha uso wake

Wanachuo wenzangu, Desemba ya Moshi mnaijua. Ikifika katikati ya mwezi stendi haipitiki. Mabasi yanashusha watu, magunia ya mchele, magodoro, hata mbuzi, na kila Mchaga aliyekuwa anatafuta maisha mjini anapanda mlimani kwenda kula Krismasi kwao. Sisi wa hosteli tunabaki kuhesabu siku za kufunga chuo huku bumu limeshakwisha.

Ni katika siku hizo, nikiwa mwaka wa pili, nilipomsikia Philly Lutaaya kwa mara ya kwanza. Dada mmoja wa Uganda niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja alikuwa anapiga nyimbo za Krismasi za Kiganda kwenye simu. Asubuhi anapiga, jioni anapiga. Sauti ya mwanaume, nyororo, yaani hata kama hujui Kiganda unajikuta unatikisa kichwa. Akaniambia kwao bila nyimbo zile Krismasi haijaingia. Nikamuuliza kama msanii huyo huwa anakuja Tanzania kupiga shoo. Akacheka, kisha akaacha kucheka. Akaniambia alikufa tarehe 15 Desemba 1989 kwa UKIMWI, na kwamba ni yeye mwenyewe aliyewatangazia Waganda kuwa anaumwa.

Mimi nasomea ualimu, si udaktari. Lakini nina sababu ya nyumbani iliyonifanya nimfuatilie mtu huyu tangu siku ile, na nitaifikia.

Philly Bongoley Lutaaya alizaliwa Oktoba 1951. Mwishoni mwa miaka ya 1960 aliacha shule akaenda kwenye muziki, jambo ambalo sisi wa kitivo cha elimu hatupendi kulisikia, lakini ndivyo ilivyokuwa. Kampala ya wakati ule ilikuwa mji wa dansi, kama Dar es Salaam ilivyokuwa. Kijana mwenye sauti alipata bendi, na akishapata bendi alipata jina. Kisha mwaka 1971 Idi Amin akachukua nchi, na starehe za Kampala zikaanza kuwa za kuangalia saa na kuangalia nyuma. Wanamuziki wengi walitoka. Philly naye alizunguka, Kongo, Kenya, na miaka ya 1980 akaishia mbali kabisa, Stockholm nchini Sweden, ambako kulikuwa na wanamuziki wengine wa Uganda waliotangulia.

Huko kwenye baridi ndiko alikofanya kazi iliyomjengea jina kubwa zaidi. Alirekodi albamu ya Born in Africa, na wimbo wenye jina hilo ukawa kama wimbo wa pili wa taifa kwa Waganda waliokuwa wanatoka kwenye vita. Akarekodi pia zile nyimbo za Krismasi. Najiuliza mara nyingi mtu anaimbaje Krismasi ya ndizi na kanisa la kijijini huku dirishani kuna theluji. Labda ndiyo maana nyimbo zile zina kiu ndani yake. Sisi wa Kilimanjaro theluji tunaiona kila siku asubuhi kule juu kama mawingu yakitoka, lakini haijawahi kutugusa miguu.

Wakati anaimba hayo, nyumbani kulikuwa na jambo. Mwaka 1982, katika kijiji cha wavuvi cha Kasensero kando ya Ziwa Victoria, wilaya ya Rakai, watu walianza kukonda na kufa bila watu kujua ni nini. Waganda wakauita silimu, kwa sababu mtu alikuwa anakwisha mwili. Upande wetu, wagonjwa wa kwanza walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kule waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa cha fasheni wakati ule na kilichopitia kwa wafanyabiashara wa magendo mpakani. Kufikia 1986 hakukuwa na mkoa wa Tanzania Bara ambao haukuwa na mgonjwa.

Bibi yangu anakumbuka ulivyoingia mlimani kwetu. Anasema haukuingia kwa jina, uliingia kwa basi. Watoto wa watu waliokuwa wanafanya biashara mijini, ambao kila Desemba walikuwa wanakuja na viatu vipya na kununulia wazee mbege, walianza kurudi mwezi wa tatu au wa saba, miezi ambayo haina sikukuu, wamefunikwa mablanketi. Walikuja kufia kwenye kihamba. Msibani ilitangazwa kuwa ni tumbo, ni malaria iliyopanda kichwani, au ni mkono wa mtu. Hakuna aliyesema. Bibi anasema hata padri alijua na akazungumzia habari ya maisha ya milele tu. Vijana nao, kama kawaida yao, waligeuza herufi za jina la Kizungu la ugonjwa wakatengenezea utani kwamba acha iniue, dogedoge siachi. Baadaye ikaja lugha ya amekanyaga miwaya, ana ngoma, ana mdudu. Kiswahili chetu kina utajiri sana pale tunapotaka kusema jambo bila kulisema.

Kitu kimoja nimekiona nikisoma habari za miaka ile: kila mahali ugonjwa huu ulipofika, ulitafutiwa mwenyewe. Marekani, taarifa ya kwanza ya Juni 1981 ilihusu vijana watano wa Los Angeles, wanaume waliokuwa na uhusiano na wanaume, na kwa muda ugonjwa ukapewa jina linalowahusu wao tu, kana kwamba kirusi kinauliza kwanza unampenda nani. Huku kwetu mwenyewe alikuwa dereva wa lori, baamedi, mfanyabiashara wa mpakani. Ukishampa ugonjwa mwenyewe, wewe unakuwa salama kichwani. Na mgonjwa akiingia hospitali, kabla hajapimwa homa, ameshapimwa tabia.

Hospitali ndiko nataka tukae kidogo, maana Philly haeleweki bila kujua wagonjwa wengine walikuwa wanapita wapi. Kulikuwa na mama mmoja Kampala, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa mazoezi ya viungo katika hospitali ya Mulago. Mume wake, Christopher, alikuwa anasoma Uingereza alipougua mwaka 1986. Mama huyu alisafiri kwenda kumuuguza, akakuta manesi wa kule wanamshika mumewe, wanamwogesha, wanamwita kwa jina lake. Aliporudi naye Uganda, alikuta watu wa fani yake mwenyewe wanaogopa kumgusa. Christopher alifariki Januari 1987. Kabla mwaka ule haujaisha mama yule na wenzake walikuwa wameanzisha TASO, shirika la kuwasaidia wagonjwa wa UKIMWI, na wengi wa waanzilishi wenzake walikuwa wameambukizwa au wameshaonja msiba wake. Nikimfikiria mama yule najiuliza ni kipi kilimuuma zaidi, ugonjwa au mikono iliyorudi nyuma. Hawakuwa watu wabaya wale. Walikuwa na hofu, hawana vifaa, hawana mafunzo, na wagonjwa wanaongezeka kila wiki. Lakini aliyelala kitandani anachoona ni mkono unaorudi nyuma.

Mwaka huohuo, Aprili 1987, Binti Mfalme Diana wa Uingereza alitembelea wodi ya UKIMWI katika hospitali ya Middlesex, London, akampa mgonjwa mkono bila glavu. Picha ikazunguka dunia nzima. Wengi wetu tumeiona. Ila angalieni tena picha ile: mgonjwa anaonekana kwa mgongo. Alikubali kupigwa picha kwa sharti kwamba uso wake usionekane. Aliyesifiwa kwa ujasiri alikuwa mgeni aliyetoa mkono, na mimi sina ubishi na sifa hizo. Lakini mwenye ugonjwa hakuwa na uso.

Miaka miwili baadaye Philly Lutaaya akautoa wa kwake.

Ilikuwa Aprili 1989. Alikuwa ameshajua kuwa ana UKIMWI. Angeweza kubaki Stockholm. Kule hakuna aliyekuwa anamfuatilia mtaani, hospitali zilikuwa nzuri, na angekufa kimya kimya, Uganda ikaambiwa ni homa ya mapafu. Msibani wangelia, wangepiga nyimbo zake, yakaisha. Badala yake alirudi Kampala akasema mbele ya watu kwamba anao. Alikuwa mtu wa kwanza mwenye jina kubwa nchini Uganda kufanya hivyo.

Sasa hapa ndipo hadithi inapokuwa tofauti na tunavyozoea kusimulia habari za mashujaa. Hawakumpigia makofi. Wengi hawakuamini. Alikuwa bado ana mwili, bado ni mtanashati, na silimu kwa wakati ule ilikuwa ni mtu mifupa mitupu. Wakasema amelipwa na serikali, wakasema amelipwa na Wazungu, wakasema anatafuta kuuza albamu mpya. Yaani mtu anatangaza kifo chake, watu wanatafuta faida yake iko wapi. Mimi nikisoma hivyo nilikasirika, kisha nikakumbuka magrupu yetu ya WhatsApp, hasira ikapungua.

Na wengine walioamini walimkasirikia. Ukisema wewe, unamsema na uliyelala naye, na unamsema jirani aliyezika mwanawe mwezi uliopita kwa jina la malaria. Ukimya ulikuwa mali ya watu wote, na yeye aliuchana bila kuwauliza.

Hakunyamaza. Alizunguka shuleni na makanisani, akaongea na vijana, akaimba. Alirekodi albamu ya mwisho, Alone and Frightened, ambayo wimbo wake mkuu unazungumza kuhusu upweke na hofu ya mtu mwenye ugonjwa huu na kuomba watu wasimame pamoja. Mtengenezaji wa filamu kutoka Canada, John Zaritsky, alimfuata na kamera miezi ile, na filamu ikaonyeshwa Marekani mwaka 1990 ikiwa na jina lilelile la Born in Africa. Kazi hiyo inamwonyesha akipungua. Waliosema ameongopa waliona mashavu yakiingia ndani, sauti ikikatika, kijana aliyekuwa anarukaruka jukwaani anashikwa mkono ili asimame. Alilazimika kuthibitisha ukweli wake kwa kufa mbele ya watu. Kutoka Aprili mpaka Desemba ni miezi minane. Alikufa akiwa na miaka 38, siku kumi kabla ya Krismasi, na tangu hapo redio za Uganda kila Desemba zinampiga yeye.

Baada yake kulikuwa na watu waliovaa viatu vyake. Mpango uliopewa jina lake uliwapeleka watu wanaoishi na VVU mashuleni kusimulia habari zao wenyewe. Kila Oktoba Waganda wana siku ya kumkumbuka. Huku kwetu Moshi, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, 1990, wanawake walikusanyika wakaanzisha KIWAKKUKI, kikundi cha wanawake wa Kilimanjaro kupambana na UKIMWI, wakawa wanapanda vilima kuwafikia wagonjwa nyumbani kwao, kuwaogesha, kuongea na familia. Sisemi walimwiga Philly. Nasema ni kipindi kimoja, na kazi ni ileile ya kurudisha mikono iliyokuwa imejiondoa. Wapo mabibi mjini hapa mnaowaona wanauza ndizi sokoni waliofanya kazi hiyo miaka mingi bila mshahara, na hakuna barabara yenye majina yao.

Dawa za mchanganyiko zenye nguvu zilikuja 1996 kwa wenye uwezo duniani. Tanzania ilianza mpango wa kutoa ARV bure mwaka 2004. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria ya kuzuia na kudhibiti UKIMWI, ambayo inakataza kumnyanyapaa mtu kwa sababu ana virusi na inamtaka mtoa huduma atunze siri ya mgonjwa wake. Leo ni kidonge kimoja kwa siku. Mtu akikimeza vizuri virusi vinafubaa mpaka kipimo hakivioni, na akifikia hapo hamwambukizi mwenza wake kwa ngono. Mama anazaa mtoto asiye na virusi. Mambo ambayo Philly asingeyaamini kama ungemwambia.

Sasa mama mdogo.

Mama mdogo wangu ana miaka 38, umri uleule Philly alioufia. Ameniruhusu niandike habari hii kwa masharti mawili, nisitaje jina lake na nisitaje kijiji. Nimeyaheshimu.

Alijua hali yake kliniki ya wajawazito. Mtoto alizaliwa salama, sasa hivi ni kijana wa darasa la tano anayenishinda hesabu. Mama mdogo alikuwa anachukua dawa kituo cha karibu na nyumbani, dakika kumi na tano kwa miguu kupitia migombani. Siku moja mhudumu alitoka dirishani akapaza sauti kwamba wa dawa zile waende benchi la nyuma, wasichanganyike na wenye watoto. Hakusema UKIMWI. Alisema dawa zile. Mama mdogo alikuwa amekaa kati ya majirani wawili waliopeleka watoto kupimwa uzito. Anasema alikaa kwanza, akajifanya hajasikia, lakini mhudumu alikuwa na kadi yake mkononi na akamwita jina. Akasimama akaenda benchi la nyuma. Ni hatua kama nane, anasema alizihesabu.

Alikuwa anauza vitumbua na mtori asubuhi karibu na njia panda. Wiki ile ile wateja walipungua. Wiki ya tatu akafunga. Na benchi hakurudi. Hakutangaza kuwa ameacha dawa, aliacha tu, miezi saba, mpaka alipopelekwa hospitali kubwa kwa bodaboda akiwa anakohoa damu, kifua kikuu kimeshamkalia. Nilikuwa kidato cha pili. Tuliambiwa ni nimonia. Nyumbani kwetu miaka 20 na zaidi baada ya Philly tulikuwa bado tunasema nimonia.

Na mimi simo kwenye habari hii kama mtu safi. Alipotoka hospitali aliletwa kwetu kupata nguvu. Alikuwa na kikombe cha bati chenye ua jekundu. Hakuna aliyetuambia tusikitumie, ila wote tulijua, na mimi nilikuwa nakiosha peke yake, mara mbili, na ile maji ya moto ya mwisho. Somo la baiolojia nilikuwa napata A. Nilijua kabisa kwamba VVU haviambukizi kwa kikombe, nilishaandika kwenye mtihani. Mkono wangu ulikuwa haujasoma baiolojia. Siku moja alinikuta kwenye beseni. Hakusema kitu, alikichukua akakiosha mwenyewe, na tangu siku hiyo alikuwa anakiweka chumbani kwake.

Ndiyo maana siwezi kumcheka yule mhudumu wala kumtukana. Yeye hakuamka asubuhi akapanga kumuua mtu. Alitaka foleni yake iende. Inawezekana kabisa anajua sheria ya 2008 kuliko mimi. Lakini benchi lake lilimgharimu mama mdogo pafu moja, na kama si bodaboda lingemgharimu uhai. Virusi vilikuwa vimefubazwa. Kilichomrudisha nyuma ni sauti ya dirishani.

Kuna kijana mwingine ninayemfahamu, hapahapa mjini. Kuhusu yeye nitasema kidogo zaidi kwa sababu ana mengi zaidi ya kupoteza. Ni mwanaume anayependa wanaume. Alikwenda kituo cha afya na kidonda mahali pa aibu. Akaambiwa arudi na mwenza wake wa kike. Alipojikanyaga kujibu, mhudumu alielewa, akatoka, akarudi na wenzake wawili waje wamwone. Wakamhubiria. Hakupewa dawa siku ile na hakurudi tena. Alinunua vidonge duka la dawa kwa kukisia, na VVU hajapima hadi naandika hapa. Najua sheria za nchi yetu zinasemaje kuhusu mahusiano ya namna hiyo, na najua wengi mtakaosoma mna msimamo wenu wa dini, kama mimi nilivyolelewa na wangu. Sikuandika hapa kubishana juu ya hilo. Nauliza swali la mwalimu tu: kidonda kile kiliponywa na mahubiri? Na huko kilikokwenda baada ya mahubiri, nani anajua kimefika kwa nani?

Nikirudi kwa Philly, kuna jambo nililokuwa nalikosea nilipoanza kumsoma. Nilimpenda sana kwa ujasiri, nikataka kila mtu awe Philly. Nilimwendea mama mdogo likizo na simu yangu, nikamwonyesha picha, nikamsimulia yote, halafu, mjinga mimi, nikamuuliza kwa nini na yeye asisimame kanisani akasema. Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya. Kisha akaniuliza kama huyo mwimbaji alikuwa na nauli ya kurudi kwao Ulaya wakimfukuza. Akaniuliza kama alikuwa anauza vitumbua.

Nilikosa jibu. Na nimekaa na maswali yale mwaka mzima. Philly alionyesha uso kwa sababu wakati ule hakukuwa na kitu kingine cha kuwapa watu. Dawa hakuna, sheria hakuna, kilichokuwepo ni uso uliopendwa. Alilipa bei kubwa, aliitwa mwongo mpaka kaburini. Haiwezekani sisi, tulio na kidonge cha bure na sheria iliyoandikwa, tumdai kila mgonjwa alipe bei ileile ndipo ahudumiwe kama mtu. Mgonjwa wa London aliyegeuza mgongo alikuwa na haki ya kugeuza mgongo, na bado akapewa mkono. Kazi ya ujasiri, nafikiri, imebaki kwa aliye upande wa ndani wa dirisha. Na kwa sisi, maana nusu ya mtakaosoma hapa mtakuwa walimu wa watoto wenye kadi za kliniki, na marafiki zenu wa vyuo vya afya mjini hapa ndio watakaokuwa wanaita majina.

Mama mdogo sasa anachukua dawa wilaya nyingine, huko tambarare. Anapita vituo viwili njiani bila kuteremka. Nauli inamla, lakini anasema nesi wa kule anamwita kwa jina la mtoto wake, mama fulani, na anamuuliza darasani anaendeleaje. Dawa akifika nyumbani anazihamishia kwenye kopo la Blue Band na kuweka pamba juu, maana kopo lenyewe lilivyo linalia kama kayamba na ukuta wa nyumba ni wa mbao. Kipimo cha mwisho cha wingi wa virusi hakikuona kitu. Vitumbua amerudia, kwenye njia panda nyingine.

Krismasi iliyopita nilimpigia zile nyimbo za Philly jikoni. Alizipenda, hasa ule wa kuamsha watu. Aliniuliza kama alikuwa na watoto, nikamwambia ndiyo. Aliniuliza alikuwa anameza dawa gani, nikamwambia kwa wakati wake hizi zetu hazikuwepo. Alinyamaza, akaniambia niongeze sauti kidogo, kisha akaniambia nipunguze, jirani alikuwa anapita.

Tarehe yake nyingine ya kliniki ni Jumanne ya wiki ijayo. Nina kipindi cha saa nne asubuhi siku hiyo, nimeshamwomba mwenzangu aniandikie notsi. Mwaka wote huu sijawahi kumsindikiza.